Muulizeni, msimkimbie

Mhariri,

Jirani yangu hapa Langoni, Lamu, aliacha kwenda baharini. Nyavu zikamkaukia ukutani. Barazani tukasema mvivu. Wengine, jini. Usiku mmoja nilimpelekea kahawa, nikamuuliza waziwazi: "Kaka, wafikiria kujiua?" Akalia. Watu huliogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Wataalamu wanasema sivyo, humpunguzia mzigo. Tulikaa hadi adhana ya alfajiri, kisha tukaenda hospitali pamoja.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba. Bado mtaani naambiwa, "Nyamaza, polisi watamchukua!" Maimamu wetu, lisemeni hili Ijumaa. Jana nilimkuta jirani yangu akishona wavu, polepole.

Mkazi wa Langoni,
Lamu