Kwa mjukuu wangu aliyeipata santuri yetu mtandaoni

Mjukuu wangu,

Ile video uliyonitumia nimeifungua mara nne. Kumbe kuna mtu bado anayo santuri yetu! Halafu ukaniuliza, "Babu, mbona wimbo unaisha kama umekatwa?" Umekatwa kweli. Niliukata mimi.

Ilikuwa Nairobi, mwishoni mwa 1966. Naukumbuka wakati kwa sababu ya malipo: noti zilikuwa mpya, za Kenya, zenye picha ya Mzee Kenyatta, ndio kwanza zimetoka. Nilikuwa meneja wa bendi, cheo kikubwa kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubeba magitaa na kuwaamsha wanamuziki. Mwanamuziki Daudi Kabaka alikuwa ameshika mji kwa muziki wa dansi wa twisti, nasi tukaingia studio na twisti yetu ya beti tatu.

Nyinyi mnarekodi gitaa leo, sauti wiki ijayo. Sisi tulisimama chumba kimoja, utepe unazunguka, akikosea mmoja mnaanza upya wote. Aliyezidi sauti alisogezwa nyuma, basi. Mpiga besi aliishia mlangoni. Yule wa chupa ya Fanta, aliyekuwa akikwaruza mistari yake kwa msumari, aligeuzwa akatazama ukuta na bado akawafunika wenye magitaa. Hiyo unayodhani ni mikwaruzo ya santuri, nusu yake ni yeye.

Mara ya sita tukapatia. Dakika nne kasoro kidogo. Fundi akatikisa kichwa: santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ni kama dakika tatu. Ukiibana zaidi ya hapo sauti inafifia, na kwenye baa nani atanunua santuri inayonong'ona? Kitu kitoke. Wote wakanigeukia. Nikasema ubeti wa tatu.

Mwimbaji hakusema neno. Wimbo ule alimtungia msichana wa kwao. Beti mbili za kwanza zinamsuta; wa tatu ndio unamwomba msamaha. Basi santuri ikatoka ikimsuta tu. Ikapigwa kwenye redio, Sauti ya Kenya, ikafika hadi kijijini, na binti akaisikia.

Pesa usiniulize sana. Tulilipwa mara moja, tukatia sahihi karatasi ya Kiingereza ambayo mimi meneja sikuisoma hadi mwisho. Mwaka 1968 Waingereza, The Tremeloes, walipoimba "Helule Helule" ya Kabaka, ndipo nikajua wimbo unaweza kufika mahali ambapo mwenyewe hata nauli ya kwenda huko hana. Nikaitafuta nakala ya ile karatasi. Hatukupewa nakala.

Yule mwimbaji wetu alibaki kwenye bendi miaka miwili zaidi. Kila tulipopiga wimbo ule jukwaani, aliuimba ubeti wa tatu wote, taratibu, akinitazama mimi niliyekaa karibu na mlango nikihesabu viingilio.

Naukumbuka neno kwa neno. Ukija Desemba, beba gitaa.

Babu yako