Wageni Wawili wa Jina la Schmidt

Tanga

Sahibu yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani, nakuarifu kuwa barua yako niliipata Ijumaa iliyopita, nikaisoma barazani huku nikicheka peke yangu hata jirani akaniuliza kulikoni. Kisa cha wale wageni wawili wa Kijerumani, mwanamke na mwanamume, ambao hapo mapokezi mliwapa chumba kimoja chenye kitanda kikubwa kilichonyunyiziwa mawaridi kwa kuwa pasi zao zote mbili ziliandikwa Schmidt, kumbe hawajapata kuonana maishani mwao, sitakisahau. Umeniuliza imekuwaje watu wawili wakawa na jina moja la ukoo na ukoo usiwe mmoja. Nitakujibu kwa urefu, na unisamehe nikipitiliza, maana jambo hili nalipenda.

Schmidt ni mhunzi, mfua chuma, sawasawa na Smith wa Waingereza. Zamani hizo mtu alikuwa na jina moja tu, lile la ubatizo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya kale ya wenyeji yaliachwa polepole, na baada ya vizazi vichache wanaume wengi mno wakawa wanaitwa John, William, Robert au Richard. Sasa kijiji kikiwa na akina John sita, na karani wa kodi amekaa na kalamu yake, hana budi kuuliza: John yupi? Wenzake humjibu vile vile tunavyojibu sisi tukiulizwa Juma yupi: Juma Seremala, Juma wa Chumbageni, Juma wa Mzee Salimu, Juma Mrefu. Kazi, mahali, baba na lakabu. Karibu majina yote ya ukoo ya Kiingereza na ya Kijerumani yametoka katika chemchemi hizo nne. Tofauti ni kuwa urefu wa Juma Mrefu utazikwa naye, ilhali mtoto wa John Mrefu wa Uingereza aliandikwa Long hata kama alikuwa mfupi kama kinu.

Kilichoyagandisha majina hayo ni karatasi. Uingereza ilitoza kodi ya kichwa mwaka 1377, 1379 na 1381 (ile ya tatu ndiyo iliyowasha uasi wa wakulima), na orodha za walipaji zilizobaki zimejaa watu waliotambulishwa kwa kazi zao. Kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Kiingereza zilikuwa tayari na jina la kurithi, na mwaka 1538 makanisa yakaamriwa kuandika vitabuni kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Ujerumani mambo yalianzia katika miji ya magharibi na kusini tangu karne ya 12, yakaenea kaskazini kwa mwendo wa kobe.

Basi nirudi kwa akina Schmidt wako. Jina la kazi lina faida pale tu linapomtenga mtu na wenzake. Kijiji kizima kikiwa kinalima, ukimwita mmoja Mkulima hujamtambulisha kwa yeyote. Lakini mhunzi alikuwa mmoja, na kila kijiji kilikuwa na wake. Kwa hiyo jina lililomtenga mtu kabisa ndani ya kijiji chake ndilo lililokuja kuwa la maelfu nchi ilipohesabiwa kwa pamoja. Wahunzi wa vijiji mia moja wasiojuana wamezaa koo mia moja za Schmidt. Ndivyo ilivyo pia kwa Müller, msaga nafaka mwenye kinu cha maji, ambalo ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ujerumani, likifuatwa na Schmidt na kisha Schneider, yaani mshoni. Utaniambia kuwa Wajerumani wanao akina Bauer, wakulima, tena si haba, na mimi nakubali kuwa hoja yangu ina tundu hapo.

Yako majina ya kazi ambayo leo hata mwenyewe hayaelewi. Meyer, ambalo huandikwa pia Meier, Maier na Mayr, alikuwa msimamizi wa shamba la bwana mkubwa. Wazee wa mwambao wangemwita nokoa bila kusita. Schulze alikuwa mkuu wa kijiji aliyehakikisha malipo ya bwana yanakusanywa, kwa hiyo jina lake kwetu lingekuwa Jumbe, nasi akina Jumbe tunao. Kwa upande wa Waingereza nalipenda zaidi jina la Walker, ambalo ukilisikia wadhani ni la mtu mpenda matembezi. La! Kitambaa cha sufu kikishafumwa kilikuwa kikitiwa majini na kukanyagwa kwa miguu kutwa nzima mpaka kikasafika na kushikamana, na fundi wa kukikanyaga aliitwa Walker kaskazini mwa Uingereza, Tucker kusini magharibi, na Fuller kusini mashariki, kazi ikiwa ile ile moja. Tazama pia Webster, Baxter na Brewster, mfumaji, mwoka mikate na mpika pombe: kiishio hicho cha mwisho hapo awali kilikuwa cha wanawake, kwa hiyo yupo leo mzee mwenye ndevu zake anayetembea na jina la kazi lililoundwa kwa ajili ya bibi wa kale.

Majina ya baba ndiyo yanayotukaribia zaidi, maana sisi tumezoea kusema fulani bin fulani. Johnson ni bin John, na Petersen ni bin Peter. Waingereza walianza kwa kulikata jina la baba kwa mapenzi kabla ya kulirithisha, hivyo Richard akawa Dick na mwanawe Dickson, au akawa Hick na mwanawe Hickson, na Robert akawa Hob na mwanawe Hobson. Ndugu wawili waliotoka kwa Richard mmoja wangeweza kuacha koo mbili zisizofanana hata kidogo. Huko Schleswig, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, jina lilikuwa likibadilika kila kizazi kama letu: mtoto wa Peter Hansen akaitwa Petersen, na mjukuu akafuata jina la kwanza la Petersen huyo. Mwaka 1771 mfalme wa Denmark, aliyekuwa akilitawala jimbo hilo, akaamuru jina libaki mahali pamoja. Miaka 16 baadaye, mwaka 1787, Kaisari Joseph wa Pili wa Austria akawaamuru Wayahudi wa milki yake nao wachukue majina ya Kijerumani yasiyobadilika.

Majina ya mahali sitayakalia sana, kwani mengi ni mlima, msitu na kijito tu: Hill, Wood, Bach. Zingatia jambo moja, kwamba mtu haitwi kwa jina la mji au nchi anamokaa na wenzake, bali kwa la alikotoka. Pemba kwenyewe nani ataitwa Mpemba? Bayer, mtu wa Bavaria, alipata jina hilo alipohamia kwingine, na Beckham ni kijiji cha Norfolk, Uingereza, ambacho mwenye jina lazima alikwisha kukiacha. Stanley maana yake ni uwazi wa mawe katikati ya msitu, lakini yule msafiri tuliyefundishwa shuleni hakulirithi: alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akajipachika la Stanley alipofika Marekani.

Kwa kuwa nakujua kwa mpira, nitakueleza lakabu kwa njia ya fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014 tuliyoitazama pamoja mpaka usiku wa manane. Golini mwa Ujerumani alisimama Neuer, yaani mgeni, mtu aliyehamia kijijini juzi. Nahodha alikuwa Lahm, neno ambalo kwa Kijerumani cha leo ni kiwete, na wewe ni shahidi wa mbio za kiwete yule. Katikati aliwekwa Kramer, mwenye kijiduka. Mbele msaga nafaka Müller. Na pamoja naye Klose, ambalo ni jina la Nikolaus lililokatwa na watu wa Silesia, jimbo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland.

Majina ya vyeo nayo ni utani mtupu. Hakuna hata mmoja wa akina König na King, au Bischof na Bishop, unaopaswa kumwinamia. Askofu wa zama zile hakuruhusiwa kuoa, sembuse kuacha ukoo. Aliyeitwa hivyo alikuwa mtumishi wa nyumba ya askofu, au aliyeigiza askofu katika michezo ya sikukuu, au mtu wa majivuno aliyekomolewa na majirani. Kwa hiyo yule Bwana Kaiser aliyewatia hofu kwa kudhani ni wa nyumba ya kifalme, mpeni chai yake kama wengine.

Nasi pwani hii tumepitiwa na majina hayo tusijue tunamwita nani nani. Robert Koch, daktari aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, jina lake ni Mpishi. Na Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kutuachia kamusi kubwa ya Kiswahili, jina lake huhusishwa na neno la kale lililokuwa na maana mbili: kulabu, na aina ya andazi la kukaanga katika mafuta. Mimi nimechagua andazi.

Sasa nina ombi. Schmidt huandikwa kwa namna kadhaa, na Schmitz ni ya watu wa bonde la mto Rhine, hasa pande za mji wa Köln. Möller ndiye Müller wa kaskazini. Siku utakapopokea pasi ya Schmitz, muulize kwa adabu kama kwao ni Köln au karibu yake, kisha uniandikie alivyojibu. Na wakija wawili, tafadhali, vyumba viwili.

Nisalimie mama, na umwambie karafuu alizonipa bado sijazimaliza.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Tanga