Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga mnaosubiri simu baada ya usaili

Wanangu na wajukuu zangu,

Shikamoo zenu zote nimezipokea, za mlionisalimu mkiwa mmekaa na za mliopita mbio mkiwahi daladala. Mwezi huu peke yake wamefika barazani kwangu hapa Ngamiani vijana tisa, wote wakitoka kusailiwa kwenye kampuni moja. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, lakini habari ilikuwa ile ile: nimeitwa, nimekalishwa, nimeulizwa, nimeambiwa "tutakupigia", na tangu hapo kimya. Kampuni yenyewe siitaji, maana si hiyo tu yenye mtindo huo. Ninachotaka ni kuzungumza nanyi mnaolala na simu chini ya mto.

Nimefanya kazi ofisi ya utumishi miaka 26, kwanza shamba la mkonge, kisha kiwandani. Meza mnayoketishwa mbele yake nimeikalia kwa upande wa pili, kwa hiyo haya nayasema nikiyajua.

Juma lililopita alikuja binti mmoja mwenye stashahada ya uhasibu. Kabla hajasema neno alivua viatu vyeusi vya kisigino kifupi, akavifuta vumbi kwa leso, akavifunga kwenye gazeti na kuvitia mkobani, kisha akavaa kandambili. Viatu ni vya dada yake. Vinampwaya, kwa hiyo ametia pamba kwenye ncha. Aliambiwa afike saa mbili asubuhi. Saa moja na nusu alikuwa getini, na wenzake zaidi ya 60. Jua likawapanda pale pale ukutani. Aliingizwa ndani saa tisa kasorobo, akakaa dakika saba. Swali la kwanza lilikuwa jina lake, la pili anakaa wapi. La tatu: "Una mchumba? Unatarajia kuzaa lini?" Habari ya daftari la hesabu hakuulizwa hata moja.

Akaniuliza, "Babu, nilijibu 'sijui'. Nimeharibu?"

Hujaharibu kitu, mwanangu. Swali lile ndilo halikupasa kuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na pia kwa kabila, dini, ulemavu, umri na mengineyo. Na kifungu hicho kinamlinda hata mwombaji wa kazi ambaye bado hajaajiriwa. Wengi wenu mnadhani ulinzi huanza siku ya kusaini mkataba. Umeanza tangu ulipopeleka barua.

Najua hamwezi kumsomea mtu vifungu akiwa ameshika kalamu ya kukupa au kukunyima kazi. Basi swali kama hilo likija, lijibu kwa upole ukilirudisha kwenye kazi: "Naomba niwaeleze nilivyojiandaa kwa nafasi hii." Useme ulichojiandaa kusema. Ukitoka nje ya geti, kabla hujapanda daladala, toa daftari uandike tarehe, saa uliyoingia, cheo cha aliyeuliza na swali lenyewe kama lilivyotamkwa. Maneno ya mdomo yakikaa siku tatu hubadilika hata kwa mkweli. Yakiandikwa siku ile ile, ukilazimika kufika kwa afisa kazi hutakwenda mikono mitupu.

Na kama atakayekuhoji atakutaka mkutane faraghani, gesti au kwingineko, ili jina lako lipite, hapo usijibu kwa upole. Ondoka. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi katika kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Kwenye hili siwaombi mvumilie.

Sasa niwaeleze jambo langu mwenyewe, ambalo sijapata kulisema hadharani. Mwaka 1991 kiwanda nilichokuwa nakifanyia kazi kilitangaza nafasi moja ya karani wa ghala. Tuliwaita watu 31. Siku tunawasaili, nafasi ile ilikuwa imeshapewa mtu tangu wiki moja nyuma, na mimi nilijua. Nilikaa mezani nikauliza maswali, nikaandika alama. Kijana mmoja alitoka Lushoto, alishuka mlimani jana yake akalala Korogwe kwa jamaa. Alijibu vizuri kuliko wote. Mlangoni akaniuliza, "Majibu lini, mzee?" Nikamwambia, "Tutakujulisha."

Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikuja na mfuko wa peasi za kwao, akauacha kwa mlinzi, akasema ni wa mzee wa utumishi. Nilizipeleka nyumbani, watoto wakala. Mimi sikuweza kutia hata moja mdomoni. Lakini hata siku hiyo sikumwambia ukweli, kwa sababu kumwambia kungenilazimu kueleza nafasi ilikwendaje. Nikiwaona ninyi mnachungulia simu namwona yeye. Kwa hiyo msidhani nawafundisha kutoka mahali pa juu. Nawaeleza lililo nyuma ya neno "tutakujulisha", kwa sababu nilipata kulisema.

Kimya cha kampuni kina sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazikuhusu wewe. Bajeti imezuiwa makao makuu. Mkuu wa idara amesafiri na saini yake haijapatikana. Nafasi ina mwenyewe tangu mwanzo, kama ile ya 1991. Mtu wa kwanza kwenye orodha ameitwa na bado anajifikiria, kwa hiyo wa pili na wa tatu hawaambiwi kitu mpaka aamue. Mara nyingine karani alipewa kazi ya kuwapigia watu na hakupewa vocha. Ninyi mkiwa nyumbani mnatafsiri yote hayo kwa maneno mamoja: mimi sifai. Mmoja wenu ameniambia ameacha kuomba kabisa tangu mwezi wa tatu. Inaniuma sana, maana waliomnyamazia huenda hata jina lake hawajalisoma mara ya pili.

Kwa hiyo kabla hujainuka kwenye kiti, ukiulizwa "una swali lolote?", usiseme sina. Waulize majibu yatatoka lini, yatatoka kwa njia gani, na nani wa kumwona tarehe hiyo ikipita. Uliza kwa adabu, na uandike jibu mbele yao. Mtu akiona tarehe yake inaandikwa huwa mwangalifu zaidi na ulimi wake. Tarehe ikipita, ongeza siku tano za kazi, kisha piga simu au peleka barua fupi. Mara moja inatosha, mara mbili ikibidi. Asipojibu, funga ukurasa huo daftarini uendelee na kampuni nyingine. Usikae getini kama kijana wa Lushoto.

Kwamba majibu yanawezekana tunayaona serikalini. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza hadharani majina ya wanaoitwa kwenye usaili na ya wanaoitwa kazini, na aliyefaulu akakosa nafasi jina lake hutunzwa kwenye kanzidata. Malalamiko hayakosekani, nayasikia, ila mtu anajua amesimama wapi. Kampuni yenye waombaji 60 inashindwaje kutuma meseji 60? Kama kuna mwajiri amefikishiwa barua hii, namwomba atume, hata ya maneno matano.

Huku kwetu hadithi ya kuajiriwa ni ya zamani. Mkonge ulianza kupandwa mwaka 1893, na mashamba yalipotanuka watu waliletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea na kwingineko. Waliandikishwa, wakapimwa miili, wakapewa namba. Ndiyo asili ya neno manamba, walivyoitwa vibarua hao. Aliyekuwa akiuliza maswali ni mwenye shamba peke yake. Wengi wenu ni wajukuu wa watu wale. Yule binti aliponionyesha kikaratasi cha namba 47 alichopewa getini, nilikigeuza nyuma nikitafuta kama jina lake limeandikwa. Halikuwepo.

Fedha: anayekudai fedha ili uitwe usaili, iwe ya fomu, ya sare au ya "kufungua faili", usimpe. Sina la kuongeza hapo.

Na akipatikana wa kusema karibu kazini, furahini, lakini someni kabla ya kusaini. Kifungu cha 15 cha sheria ile ile kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi na ujira. Ulizeni pia muda wa majaribio, kwa sababu aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya asilimia 10. Ulizeni itaanza kupelekwa lini.

Baraza langu liko wazi kila siku baada ya swala ya alasiri. Njooni na madaftari. Walio na usaili karibu tutaufanyia mazoezi hapo hapo, mimi niwe jopo. Maswali ya kuudhi nayajua yote.

Yule binti ana usaili mwingine kesho, njia ya Pongwe. Jana tulikaa mpaka maghribi tukipitia usuluhishi wa hesabu za benki, na nyuma ya daftari ameandika maswali yake matatu ya kuwauliza wao. Simu yake chaji haikai, kwa hiyo ameniomba nipite kumgongea dirisha saa kumi na moja alfajiri. Nitatokea msikitini, ni njia moja.

Wenu,
Mzee wa utumishi, Ngamiani, Tanga