Shokapu moja imevuja, kwa nini tunakwambia ununue mbili?

Juzi tena mteja kaondoka hapa gereji kanuna. IST yake shokapu ya nyuma kushoto imevuja, oili imeshuka mpaka kwenye bolti ya chini, vumbi limegandia pale limekuwa tope jeusi, tukamwambia kaka hapa ni pea, yeye akasema mnataka kula hela yangu mara mbili, kilichoharibika ni kimoja. Wala si yeye peke yake, hili swali tunaulizwa karibu kila gari ya shokapu inayoingia, na tunajua kuna watu wakitoka hapa wanaenda kuandika kwenye magrupu kwamba gereji za Tabata ni wezi. Inauma, maana wengi wa hao tulikuwa tunawaokolea hela.

Tuelewane kwanza shokapu inafanya nini maana wengi wanadhani ndo inabeba gari. Inayobeba gari ni springi. Ukipita kwenye tuta springi inabanwa halafu inarudi juu, na ikiachwa yenyewe inaendelea kurukaruka, kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani kuna oili na pistoni yenye vitundu vidogo, gari ikishuka na kupanda ile oili inalazimishwa kupita humo kwa shida, kwa hiyo ule mruko unaishia kuwa joto. Ndo maana ukitoka kwenye barabara mbovu, sema umezunguka zile njia za ndani za Goba au Kinyerezi, ukasimama ukagusa shokapu za nyuma, zote mbili zinatakiwa ziwe na joto. Ukikuta moja ya moto na nyingine ya baridi basi hiyo ya baridi imeshaacha kufanya kazi, hata kama haijavuja tone.

Hapo ndo penyewe. Kuvuja kunaonekana, kuchoka hakuonekani. Shokapu mbili za nyuma zimefungwa siku moja, zimepita rasta zile zile, zimebebeshwa mizigo ile ile. Ya kushoto ikishavuja, ya kulia nayo imeshachoka, ila kwa macho iko kavu. Ukifunga mpya upande mmoja tu nyuma ya gari inakuwa na tabia mbili, huku kugumu huku kulegevu, utaisikia ukikata kona au ukishika breki ya ghafla kwenye barabara yenye maji, mkia unataka kwenda kwake. Na ile mpya ndo inafanya kazi ya mbili, unadhani itadumu?

Kuna dereva wa teksi mtandao alikataa kabisa pea, na sisi hatumlazimishi mtu, akaenda sehemu nyingine wakamfungia moja. Aliporudi, shida aliyokuja nayo ilikuwa mngurumo, alikuwa na uhakika ni bearing ya nyuma. Tukainua gari, bearing nzima kabisa, ila tairi la kulia, ule upande ulioachwa na shokapu ya zamani, limelika mabonde mabonde, ukipitisha kiganja juu yake unasikia kinapanda na kushuka. Tairi lililolika hivyo halirudi, ata ukifunga shokapu mpya litaendelea kunguruma mpaka ulitoe. Akanunua shokapu ya pili, akanunua matairi mawili, akalipa ufundi mara ya pili. Alikuwa anakwepa bei ya shokapu moja.

Sasa kuna hii nyingine ya kujaza oili na hii ndo inatuumiza zaidi. Mtu anaambiwa usinunue, tunakujazia elfu chache tu. Wanachofanya ni kutoboa shokapu na drili, wanamimina oili yoyote iliyopo, ya gia boksi, ya hidroliki, wakati mwingine hata ya injini iliyoshatumika, halafu wanachomelea tundu. Siku mbili tatu gari inakuwa ngumu, mteja anafurahi. Lakini oili ilitokaje mle ndani? Ilitoka kwa sababu sili ya juu, ile raba inayozuia oili isitoke, imekatika, na sili hakuna aliyeigusa, tena moto wa kuchomelea unaweza kuimaliza kabisa. Shokapu nyingi za siku hizi zina gesi ndani, ukitoboa gesi imekwenda na huna namna ya kuirudisha pale chini ya mti. Na kuchomelea mtungi wenye oili ndani ni hatari kwa huyo fundi mwenyewe, inaweza kumlipukia usoni.

Tulishawahi kukata shokapu ya namna hiyo mbele ya mwenye gari ili aone mwenyewe. Oili iliyotoka ilikuwa nzito, nyeusi, ukiisugua kati ya vidole unasikia chenga za chuma za ile drili, na chenga hizo ndo zilikuwa zinapita kwenye vitundu vya pistoni. Ile rodi ya kung'aa ilikuwa na michubuko ya meno ya vaisi gripu, ile koleo ya kubana, yaani kuna fundi aliibana hapo wakati anafungua nati ya juu. Mchubuko mmoja tu mdogo unatosha, kila rodi ikipanda na kushuka unaikwaruza sili mpaka inachanika. Kwa hiyo hata shokapu mpya unaweza kuiua siku hiyo hiyo unayoifunga. Sisi nati ya juu tunaishika rodi pale kwenye ncha yake ilipotengenezewa kushikwa, kwa spana, na mashine ya upepo hatuigusishi pale juu, ingawa ingetuokolea muda.

Ndo naomba mtu akiniambia "ufundi elfu thelathini kwa nati nne tu" anisikilize kidogo. Hiyo ndo bei yetu ya pea ya nyuma kwa IST na Vitz, spea mbali. Kwenye hizi gari nati ya juu iko ndani ya buti nyuma ya plastiki, lazima plastiki itoke bila kuvunja vibanio vyake. Bolti ya chini kwa gari zinazoishi karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, mara nyingi imeshika kutu, inapigwa dawa, inasubiriwa, mwenye haraka anaikata halafu kazi inakuwa kubwa zaidi. Shokapu mpya tunaisimamisha wima tunaipampu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuifunga, kwa sababu imelala kwenye boksi muda mrefu na hewa imekaa pasipo pake. Na bolti ya chini hatuikazi mwisho gari ikiwa imening'inia kwenye jeki. Tunashusha gari ikalie matairi yake ndo tunakaza, maana bushi ile ni raba, ukiikaza gari ikiwa juu inabaki imejikunja muda wote gari iko barabarani na itapasuka mapema, halafu mteja atarudi anasema shokapu mpya zinagonga. Malalamiko mengi ya "nimefunga mpya bado inagonga" tunayoletewa kutoka kwingine ni hapo tu, au raba za juu zimefungwa kinyume.

Mteja mmoja wa Noah, mama anayebeba bidhaa za duka lake, alikuja na hela mkononi kabisa anataka shokapu za nyuma kwa sababu gari imelala. Tukamwambia mama, subiri kwanza. Gari kulala nyuma si shokapu, ni springi. Tukakagua, springi ya kulia imekatika duara la chini kabisa, na shokapu zake zote mbili ziko vizuri. Alikuwa anapakia saruji mifuko minane, mfuko mmoja kilo 50, hiyo ni kilo 400 ukiacha yeye na kijana wake. Tukabadilisha springi pea, shokapu tukaziacha. Sasa mwizi gani anakataa hela iliyoshafika mkononi?

Kwa mwenye bajeti ndogo, tunavyoshauri ni hivi. Kama za nyuma ndo zimekufa na za mbele ziko nzima, badilisha za nyuma tu, usikubali kuuziwa nne. Kava la vumbi na ile raba ya ndani ya kuzuia isigonge, kama vyako ni vizima tunavihamishia kwenye mpya, kama raba imemeguka nunua, si ghali. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, kwa sababu ya shokapu za nyuma za IST au Vitz hulipi, eksel ya nyuma ya hizo gari haina sehemu ya kurekebisha hiyo, kwa hiyo anayekuuzia hapo anakuuzia upepo.

Spea unaweza kununua mwenyewe Gerezani au Kariakoo ukatuletea, hatuna kinyongo. Ila njoo kwanza tukague, na uende na namba ya chesisi, maana IST ambayo namba hiyo inaanza na NCP60 au NCP61 ni ya kuvuta mbele na ya NCP65 ni four wheel, usichukue kwa kukisia. Mpya ya bei ya kati tunaifunga bila wasiwasi. Mtumba wa Japani hatuukatai lakini fikiria, IST ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, kama shokapu ni ile iliyotoka nayo kiwandani basi ina umri karibu sawa na hiyo iliyokufa kwako. Kama lazima mtumba, isimamishe wima dukani, ibane kwa mkono mpaka chini mara kadhaa, iwe ngumu njia nzima bila kuruka mahali, halafu angalia rodi juani, ikiwa na vidoti vya kutu iache hapo hapo. Na iliyopakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa uitazame mara mbili, hasa kama kuna uvimbe mdogo wa kuchomelea chini ya rangi.

Kukagua ni bure, asubuhi ndo vizuri kabla foleni haijajaa. Shokapu zako za zamani tunakuwekea kwenye buti uondoke nazo, ukitaka tuikate ile uliyosema bado nzima, tuambie tu, tunaikata mbele yako.