Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Peru: Kamba ya Cajamarca Haikuwa Huruma

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu Chumba cha Fidia kilichopo Cajamarca, na neno moja ambalo wasimulizi wa kifo cha Atahualpa, mtawala wa dola ya Inka ya milima ya Andes, hulitoa kwa wepesi mno: huruma. Eti alihukumiwa kuchomwa moto, akakubali ubatizo, Wahispania wakamhurumia na kumnyonga tu.

Kwanza hesabu. Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, alimkamata tarehe 16 Novemba 1532 akiwa na watu 168, kati yao 62 wapanda farasi. Mateka aliahidi kujaza chumba cha futi 22 kwa 17, hadi mstari uliochorwa ukutani, mara moja kwa dhahabu na mara mbili kwa fedha. Vikaja vyombo vizima, na mabamba yaliyobanduliwa kwenye kuta za hekalu la Coricancha, Cusco, mji mkuu wa Inka. Wafua dhahabu wenyeji wakaviyeyusha: dhahabu zaidi ya tani 5, fedha zaidi ya tani 11. Fidia ikapokelewa, mfungwa asiachiwe.

Kisha ukavuma uvumi kwamba jeshi la Rumiñahui, jemadari wa Atahualpa, linakuja kumwokoa. Hernando de Soto, nahodha wa Pizarro, akatumwa kuhakikisha, asione jeshi lolote. Aliporudi alikuta Atahualpa keshauawa.

Sasa hiyo kamba. Mtawala wa Inka aliyekufa hakuwa marehemu kama tujuavyo sisi. Maiti yake ilikaushwa, ikavishwa, ikapewa pombe ya mahindi, ikabaki na watumishi na mashamba yake. Moto ndio uliomfuta kabisa. Atahualpa alilijua hilo vizuri kuliko padri Vicente de Valverde aliyembatiza, kwa sababu majemadari wake mwenyewe walikuwa wamechoma maiti ya babu yake, Túpac Inca Yupanqui, huko Cusco. (Hatumpambi: akiwa kifungoni aliamuru nduguye Huáscar auawe.) Kwa hiyo alichopewa ni biashara: toa dini yako, upate kubaki na mwili wako. Akafungwa kwenye nguzo, akanyongwa. Na hata biashara hiyo haikutimizwa sawasawa. Pedro Sancho, karani wa Pizarro, ameandika kwamba baada ya kunyongwa alitupiwa moto, ukaunguza nguo na sehemu ya nyama yake. Kesho yake akazikwa kanisani, mahali ambapo watu wake wasingeweza kumtunza kwa desturi yao.

Tunaomba maelezo ya chumba hicho yafuate mpangilio huo huo: fidia, uvumi, hukumu, ubatizo, kamba, moto, kaburi. Mgeni akisoma ubatizo na kamba peke yake, atatoka akimshukuru muuaji.

Tena wasisahaulike waliopinga, na walioomba huruma ya kweli wakanyimwa. Soto alilaumu mauaji hayo waziwazi. Mwaka 1572, Túpac Amaru, mtawala wa mwisho wa Inka, alipopelekwa kukatwa kichwa katika uwanja wa Cusco, askofu Agustín de la Coruña alikuwa amepiga magoti mbele ya Francisco de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania nchini Peru, akisihi mfungwa apelekwe Hispania. Toledo alikataa. Kichwa kikachomekwa juu ya mti, watu wakaja usiku kukisujudia, hadi Toledo mwenyewe akaamuru kishushwe kizikwe pamoja na mwili.

Sisi wasomaji wa historia ya Andes