Lamu nayo iwe na timu ya makasia

Mhariri,

Tamasha la Lamu likifika, watu hujazana gatini kutazama mashindano ya majahazi, na ubishi wa nani bingwa hauishi barazani. Lakini hayo ni ya matanga. Makasia tumewaachia wavuvi, kana kwamba si mchezo.

Ni mchezo, tena wa Olimpiki. Mwaka 1936 vijana wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wapiga makasia wanane na mshika usukani wao, walikwenda Berlin. Wengi walikuwa watoto wa watu wa kawaida. Waliambiwa wajitafutie nauli, na wakazi wa Seattle wakawachangia. Siku ya fainali, kijana aliyewapa mwendo alikuwa mgonjwa, na njia waliyopangiwa ndiyo iliyopigwa na upepo. Walianza nyuma kabisa. Mita 2,000 zilipoisha walikuwa wameishinda Italia kwa sekunde 0.6, na wenyeji Wajerumani wakashika nafasi ya tatu, Hitler akiwa jukwaani.

Mimi kilichonivutia zaidi ni chombo chao. Kiliundwa kwa mbao za mwerezi na George Pocock, fundi ambaye karakana yake ilikuwa hapo hapo chuoni, juu ya banda la vyombo. Sisi fundi tunaye. Nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, umtazame akitia kalafati, anavyoshindilia pamba yenye mafuta kati ya ubao na ubao, kisha uniambie kama huyo atashindwa na mashua ya mazoezi. Ya mashindano ya kimataifa ina vipimo vyake, hiyo itabidi inunuliwe.

Na wakati ndio huu. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na mbio za makasia za ufukweni: unakimbia mchangani, unarukia chomboni, unapiga kasia mita 250 ukipinda kwenye maboya, unageuka, unarudi, unaruka na kukimbia tena hadi mwisho. Kijana wa Shela, kwenye ufuo wetu, afundishwe nini hapo? Asiya Sururu, Mkenya asiye na miguu, amekwisha piga makasia katika Paralimpiki ya Tokyo.

Kwa hivyo naomba kaunti, katika bajeti ya michezo ambayo kila mwaka huishia kwenye jezi na mipira, itenge fedha za mashua mbili na mwalimu mmoja kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vyetu, wa kike na wa kiume. Shindano la kwanza lifanyike Shela baada ya alasiri, maji yakiwa yamejaa.

Mkazi wa Langoni,
Lamu