Kapasita za Mia Tano Tano, Mbona Mnatoza Laki?

Swali hili limerudi tena wiki iliyopita, safari hii kwa sauti ya juu mbele ya wateja wengine. Mzee mmoja kaleta Macintosh Classic, ile kompyuta ndogo ya chogo yenye kishikio juu, kioo na bodi vyote boksi moja. Nilipomtajia bei akasema nimemwona mgeni, kwani fundi simu aliiosha kwa elfu kumi na ikawaka.

Ni kweli iliwaka, mzee wangu. Shida imeanzia hapo.

Classic ilitoka Oktoba 1990, Apple wakiiuza dola 999. Kioo chake ni cha inchi 9, nyeusi na nyeupe tu, na prosesa ni Motorola 68000 ya megahezi 8. Juu ya bodi kuna vikapasita vya kopo, yaani vile vipande vidogo vinavyotunza umeme kwa muda, na kwa umri huu karibu vyote vinavuja. Yale maji yake yanatambaa hadi chini ya IC (zile chipu nyeusi za bodi), yanapitisha umeme pasipotakiwa na kula njia za shaba. Ukiwasha unaona mistari au miraba ya bao la drafti. Sasa ukiosha kwa spiriti, maji yanatoka, mashine inawaka, mteja anashangilia. Kapasita ni zile zile na zinaendelea kuvuja, huku hewa yetu ya pwani nayo ikiongeza chumvi na unyevu. Ya mzee ilipofika mezani, njia za jirani na IC ya sauti zilikuwa zimeshakatika.

Kapasita mpya ni bei ndogo, hilo hatubishi. Unalipia mkono. Kuzitoa za zamani ni kazi ya taratibu, maana ukigusa moto tu inatoka harufu ya samaki, na sehemu ya kuchomea ikishalika inabanduka na kapasita yake. Baada ya hapo ni kuosha bodi, kupima kila njia kwa mita, na iliyokatika kuiunga kwa waya mwembamba kama unywele, chini ya lenzi. Za zamani tunakurudishia kwenye mfuko, usije ukadhani hatukubadilisha.

Kuna kijana wa Masasi aliamua kujichomea mwenyewe kapasita za tantalamu, aina nyingine isiyo ya kopo. Akafuata mstari uliochorwa juu ya kapasita kuonyesha upande. Kwenye kapasita ya kopo mstari ni hasi; kwenye tantalamu mstari ni chanya! Zote zikakaa kinyume, akawasha, moja ikapasuka na kuunguza bodi. Bili yake ilizidi ya mzee, na bado alilalamika.

Kufungua nako msijaribu na kisu cha jikoni. Skrubu ni za T15, zenye kichwa cha nyota, mbili zimezama ndani ya kishikio, zinataka bisibisi ndefu. Plastiki ya miaka hiyo inapasuka kama biskuti. Tena ukivuta boksi kwa pupa unagonga shingo ya kioo, hewa inaingia, kioo kimekufa, na hatuna kingine cha kukuuzia. Hapo sijataja volti elfu kadhaa zinazoweza kubaki ndani hata ukichomoa waya.

Wanaosema tunapenda hela wamuulize mama mmoja wa Mikindani. Aliambiwa huko alikotoka kuwa bodi imekufa, anunue nyingine. Tulibonyeza vitufe vya Command, Option, X na O kwa pamoja wakati wa kuwasha, ikafunguka yenyewe, kwa sababu Classic ina System 6.0.3, programu ya kuiendesha, ndani ya chipu ya ROM, kumbukumbu ya kudumu iliyo juu ya bodi. Bodi nzima, diski ndiyo imekufa. Tukamtoza ya kupima tu.

Kama yako imekaa kabatini, ilete hata kama huna hela ya kapasita. Ndani kuna betri ya volti 3.6 ambayo ikipasuka inakula bodi kuliko kapasita zote. Kuitoa ni bure, unasubiri hapo hapo kwenye benchi. Bila betri mashine inawaka kama kawaida, ila tarehe utaipanga upya kila ukiwasha.